Limau la Alhamisi

Samaki alipigwa marufuku katika nyumba ile kwa miaka arobaini na moja, na aliyempiga marufuku ni Fundi mwenyewe. Hapakuwa na kikao wala majadiliano. Mwaka wa kwanza wa ndoa mkewe alikaanga samaki mchana, na kwenye chumba cha mbele, ambacho ndicho Fundi alichokuwa akishonea, kulikuwa kumetundikwa suti ya sufu ya bwana harusi, imebakiza vifungo tu. Sufu haina adabu, harufu yoyote inayopita inaikaribisha. Bwana harusi akaja, akavaa, akajinusa bega, akavua. Akasema hawezi kuingia ukumbini ananuka kikaango. Ikabidi Fundi ashone suti nyingine kwa siku mbili. Jioni mkewe alipomwekea sahani mezani, Fundi aliisukuma kwa vidole viwili mpaka ukingoni.

“Humu ndani, samaki basi,” alisema, akarudi kwenye cherehani.

Maneno manne, jamani. Mtu anaongea maelfu ya maneno maishani mwake yakapotea na upepo, halafu hayo manne aliyoyatamka kwa hasira za suti ndiyo yakashika. Mkewe hakubisha. Tangu jioni ile nyumba haikunuka samaki tena, na Fundi, mwanamume wa watu, akadhani kwamba mkewe naye hampendi samaki.

Fundi alimwita mkewe Bibie tangu siku za uchumba, na jina likamkaa mpaka majirani wakalichukua. Bibie naye alimwita mumewe Fundi, kama wateja walivyomwita. Watoto hawakujaaliwa. Walikuwa wao wawili, cherehani, na suti za watu. Sasa Fundi alikuwa na miaka sabini na moja, na Bibie alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kusahau funguo, kisha birika jikoni, kisha jina la mdogo wake, mwisho akafika kwa mumewe. Mchana kutwa Fundi alikuwa fundi bomba, au daktari, au kaka wa Bibie aliyefariki zamani. Alishazoea kusalimiwa kwa heshima ya mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Isipokuwa jioni. Saa kumi na mbili Fundi alifunika cherehani, akafungua mlango wa kati na kuingia sebuleni na futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Bibie aliinua kichwa kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaiona ile futi, na uso wake ukafunguka.

“Fundi, umemaliza?”

“Nimemaliza, Bibie.”

Basi kwa nusu saa hivi alikuwa na mkewe. Alimgombeza kwa tabia yake ya kushika pini mdomoni, alimuuliza kama yule mteja mwenye tumbo kaja kuchukua suruali yake. Na ilikuwa ile futi, si kitu kingine. Siku moja Fundi aliisahau mezani, akaingia bila kitu, Bibie akamuuliza kama amekuja kusoma mita ya maji. Akarudi mbio karakanani, kile chumba cha kushonea, akaivaa, akaingia upya. “Fundi, umemaliza?” Tangu hapo angeweza kusahau suruali, lakini si ile futi. Aliishi kwa ajili ya ile nusu saa, na msimcheke.

Kilichomtoa jasho ni chakula. Bibie aliacha kula. Nyama aliitafuna akaitema mkononi, akaiangalia, akamkabidhi Fundi kwa adabu. Maharage aliyachezea. Yai alilisukuma, uji aliufumbia mdomo. Fundi hakuhitaji mizani kujua mambo yanakwenda wapi, maana gauni la buluu la Bibie alishalipunguza kiunoni mara tatu, na mara ya tatu mishono ya pembeni ilikuwa inakaribia kukutana. Zahanati walimpima wakakuta kilo thelathini na nane. Daktari, binti mpole ambaye hakupenda kusema alichokuwa anakisema, alimweleza Fundi kwamba mwezi ujao kilo zisipopanda itabidi Bibie alazwe, apitishiwe mpira puani. Akaongeza kwamba wagonjwa wa aina hii huuchomoa, kwa hiyo wakati mwingine hufungwa mikono kitandani. Fundi alitazama mikono ya Bibie, iliyokuwa inakunja na kukunjua pindo la gauni, akasema atajitahidi.

Jumapili akaja shemeji yake, mdogo wake Bibie, mwanamke wa maneno mengi na mkoba mkubwa. Fundi akamtajia vyakula vyote alivyojaribu. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho.

“Na samaki?” aliuliza.

Fundi akamwambia Bibie hali samaki. Shemeji akacheka, kisha akaona Fundi hacheki, akaanza kuhangaika na mkanda wa mkoba. Fundi akambana. Ndipo yakatoka. Kila Alhamisi, miaka yote ile, Bibie alipoaga kwamba anakwenda kwa mdogo wake kufuma vitambaa, alikuwa anakwenda kula samaki. Alimnunua mwenyewe, akampika mwenyewe kwenye jiko la mdogo wake, akala mpaka vidole. Halafu alinawa mikono kwa limau mara tatu, akabadilisha gauni, ndipo akarudi kwa mumewe.

Miaka arobaini ya kufuma, na hakuna kitambaa hata kimoja kilichowahi kuingia nyumbani. Na yeye, mtu wa nguo, hakuuliza! Lakini si hilo lililomkata maini. Kilichomkata maini ni limau. Kila Alhamisi Bibie alirudi mikono yake inanukia limau, na Fundi aliipenda harufu ile kuliko manukato yoyote ya dukani. Alikuwa anamshika mkono mlangoni, anauleta usoni, anaunusa. Bibie alicheka kidogo na kuuvuta. Fundi alidhani anajipaka kwa ajili yake, na kwamba anauvuta kwa aibu za mahaba. Kumbe alikuwa anaogopa.

Shemeji alipoondoka, Fundi aliingia karakanani, akafunga mlango na kulia, mtu mzima yule, uso kaufunika kwa bitana ya koti la mteja.

Asubuhi alikata shauri. Suti mbili zilizobaki alizitia kwenye mifuko ya nailoni, akaziombea hifadhi kwa jirani, na akaenda sokoni. Muuza samaki alikuwa mama mnene aliyevaa buti za mpira, kisu chake kimekwisha kwa kunolewa. Fundi akamwambia ukweli, kwamba hajawahi kununua samaki tangu azaliwe, hampendi, na anamtaka kwa ajili ya mgonjwa. Yule mama alimtania, akamuuliza kama hata picha yake amewahi kuiona. Kisha akawa mwalimu. Akamwonyesha jicho angavu lililotuna, shavu jekundu kwa ndani, nyama ambayo ukiibonyeza inarudi. Samaki mbichi hanuki, alimwambia. Kinachonuka ni samaki mzee na mafuta yaliyochemka mara tano. Na mtu anayesema hapendi samaki, mara nyingi hajamla samaki bado, ameonja mafuta na miiba tu.

Akampa samaki mweupe, na maelekezo. Panga vipande vya viazi chini ya sufuria, mlaze samaki juu yake, kitunguu saumu kidogo, tangawizi kidogo, chumvi ya kuonja, limau, maji nusu kikombe, funika, moto mdogo. Dakika kumi. Nyama ikifunguka yenyewe kwa uma, epua, maana ukimzidisha anakuwa pamba. Fundi, aliyeijua pamba kuliko alivyojua samaki, akaelewa hapo hapo.

Miiba aliitoa mwenyewe. Alipitisha ncha ya kidole juu ya nyama pole pole, kama anavyotafuta pini iliyosahaulika ndani ya pindo, na kila alipogusa kijiti alikitoa kwa kibano. Hata mmoja haukubaki. Saa kumi na mbili akapakua, akavaa futi yake shingoni, akaingia sebuleni na sahani.

“Fundi, umemaliza?” Bibie alianza, kisha pua yake ikashtuka. Aliangalia sahani, akaangalia mlango wa karakana, na uso ukamsawajika kwa hofu. “Samaki humu ndani? Na nguo za watu?”

Fundi akamwambia hakuna nguo za watu, zimeondolewa, ale tu. Bibie akatikisa kichwa. Alirudia kwamba siye yeye aliyempika, hajui ameingiaje, na machozi yakaanza kumtoka. Fundi akapiga magoti na miguu yake ile mibovu, akamwomba, akamwambia aliyesema maneno yale alikuwa mjinga. Mwisho, akili ikiwa imemwishia, akachukua kipande, akakitia mdomoni na kukila mbele yake ili aone kwamba ruhusa ipo. Bibie akaacha kulia. Alimtazama anavyotafuna, kwa muda mrefu.

“Mume wangu hali samaki,” alisema. “Wewe ni nani?”

Nusu saa ya siku ile ikaishia hapo.

Wiki nzima akahangaika. Alimwoka samaki kwenye karatasi ya jikoni pamoja na nyanya na karoti. Alimponda na viazi akafanya vidonge vidogo, akavipaka yai, akavipika bila mafuta mengi. Alimlowesha maziwa ili kuua harufu. Alimchambua laini akamficha ndani ya wali. Kila jioni aliingia na futi shingoni, na kila jioni Bibie alinusa, akaogopa, akafumba mdomo. Kilichobaki Fundi alikila mwenyewe jikoni kwa kuogopa kutupa, na cha ajabu, ilipofika siku ya tano aliona anachovya kiazi kwenye ule mchuzi wa limau. Alijiona mpumbavu asiye na mfano. Kumbe ni kitu kitamu, na alimnyima mtu kitu kitamu kile maisha yake yote.

Siku ya nane joto lilikuwa kali. Fundi alipika shati wazi, kitambaa cha jikoni begani, na futi aliivua kwa sababu ilimganda shingoni kwa jasho. Akaisahau kwenye msumari wa mlango. Aliposhtuka alikuwa ameshafika mbele ya Bibie, sahani mkononi.

“Kijana,” Bibie alimwita, na kijana mwenyewe hana jino la nyuma hata moja. “Wewe ndiye mpishi?”

Fundi akaangalia shingo yake, akaona mambo yalivyo.

“Ndiyo, mama.”

“Mwenye nyumba yuko wapi?”

“Amesafiri.”

“Harudi leo?”

“Harudi leo.”

Bibie aliangalia dirishani, akaangalia mlango wa karakana, akajivuta mbele ya kiti na kupunguza sauti. “Huyo ni samaki?”

Alikula, ndugu zangu. Alikula kwa vidole, kipande baada ya kipande, akafuta mchuzi kwa kiazi, akanyonya ncha za vidole moja moja macho yakiwa yamefumba. Fundi alisimama pembeni kitambaa begani, na moyo wake haukujua ufurahi au ufanye nini. Miaka arobaini na moja hakuwahi kumwona mkewe anakula hivyo, na ilibidi awe mtu baki ndipo aone. Bibie alipomaliza akampa kazi mara moja: fungua madirisha yote, kikaango kioshwe kwa majivu, na limau, lete limau. Fundi akamkatia limau, akamnawisha mara tatu.

“Usimwambie,” Bibie alisema. “Si mtu mbaya. Ila hasemi. Anasukuma sahani tu.”

Sasa binadamu hatosheki, na Fundi ni binadamu. Kesho yake alipiga hesabu zake: atamlisha kama mpishi, asubiri kidogo, kisha avae futi aingie kama mume, apate vyote viwili. Akamlisha, akala vizuri. Akatoka, akavaa futi, akaingia kwa mlango wa kati akitabasamu. Bibie aliinua kichwa, uso ukafunguka kama kawaida, halafu akakumbuka mikono yake. Akaificha nyuma ya mgongo. Alianza kusema hajala kitu, hajala kitu, na samaki wote aliokula akawatapika kwenye gauni la buluu. Siku mbili zilizofuata hakuonja chochote, hata kutoka kwa mpishi, kwa sababu alisikiliza mlango tu.

Ikabaki wiki mbili kwenda zahanati. Fundi alikaa karakanani mbele ya cherehani iliyofunikwa, futi mapajani. Hakuna wa kumuuliza, hakuna wa kumlaumu zaidi yake. Akibaki mume, mkewe atafungwa mikono kitandani. Akitaka mkewe ale, lazima mume asafiri, na asirudi. Alihesabu nusu saa zilizobaki maishani mwao, akaona kwamba anazitaka zote, kila moja. Akajikaza kisabuni. Aliikunja futi, akaitia kwenye kopo la vifungo, akabana kifuniko, na kopo akalipandisha juu ya kabati ambako mkono wake haufiki bila kiti.

Jioni akaingia na kitambaa begani. Bibie akamuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Akamwambia amesafiri mbali, kwa muda mrefu. Akamwapia. Bibie akaangalia mlango, akaangalia sahani, na baada ya kitambo akanyoosha mkono.

Mizani ilisoma kilo thelathini na tisa na nusu, na mwezi uliofuata arobaini na mbili. Daktari akauliza amefanya nini, Fundi akajibu samaki. Gauni la buluu akaliachia mshono mmoja wa kiuno, kazi ambayo angeifanya akiimba, ila hakuimba. Saa kumi na mbili ikifika, masikio yake yalikuwa bado yanasubiri “Fundi, umemaliza?”, na kilichokuja ni “Kijana, leo nini?”

Alhamisi moja, Bibie akiwa katikati ya sahani, Fundi alishindwa kujizuia.

“Mama, mwenye nyumba amepiga simu.”

“Anasemaje?”

“Anasema samahani. Ile sahani aliyoisukuma, anasema alikosea sana. Ungempika tu samaki wako miaka yote hii.”

Bibie alitafuna taratibu, akifikiri. “Umepigiwa na mtu mwingine,” alisema. “Mume wangu hawezi kusema hivyo.”

“Labda amebadilika.”

“Yule? Mkaidi yule.” Akatabasamu peke yake, akaokota kipande kingine. “Lakini nikirudi Alhamisi alikuwa ananishika mkono mlangoni, anaunusa. Nilikuwa nakufa kwa woga. Na bado niliisubiri Alhamisi hiyo wiki nzima.”

Mkono wenyewe ulikuwa pale, mezani, hatua moja kutoka kwake. Fundi aliutazama. Mpishi hashiki mkono wa mama wa nyumba akaunusa, kwa hiyo alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua tena.

“Atarudi lini?” Bibie aliuliza.

“Ukimaliza kula, mama.”

Bibie aliangalia sahani yake. Ilikuwa imebaki nusu.

“Nina hamu naye,” alisema. “Lakini akae huko huko kidogo. Samaki huyu bado.”

Fundi akamwongezea kipande kingine, kisha akaenda jikoni kukata limau.